Joto, Muda na Gesi ya Samadi

Katika vijiji vya nyanda za juu za Tanzania, kuanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru hadi Njombe na Rungwe, familia zinazofuga ng'ombe wa maziwa bandani zina nafasi nzuri ya kupika kwa gesi itokanayo na samadi. Baadhi yao wamekwisha kujenga mitambo ya gesi hiyo. Lakini wenye mitambo hukutana na jambo moja linalowatatanisha. Ifikapo Juni na Julai, wakati wa baridi, gesi hupungua. Ng'ombe ni walewale, kinyesi ni kilekile, fundi hakukosea wala kuba halivuji. Hata hivyo moto wa jikoni hufifia kabla maharage hayajaiva. Aghalabu mwenye mtambo hufanya lile linaloonekana kuwa la busara: huongeza samadi. Baada ya wiki chache gesi huzidi kupungua.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mambo huwa hivyo. Jibu lake limo katika uhusiano wa vitu viwili, yaani joto na muda. Anayeuelewa uhusiano huo ataweza kukadiria ukubwa wa mtambo unaofaa mahali alipo, na ataelewa pia kwa nini mtambo uliofanya kazi vizuri Tanga unaweza kumwangusha mtu wa Njombe.

Gesi yenyewe ni kitu gani

Gesi ya samadi, ambayo pia huitwa biogesi, ni mchanganyiko wa gesi kadhaa. Iliyo nyingi zaidi ni methani, ambayo aghalabu huwa kati ya asilimia 50 na 70. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidayoksaidi. Humo mna pia mvuke wa maji na kiasi kidogo sana cha haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Inayowaka kwa manufaa ya mpishi ni methani.

Methani si ngeni duniani. Mwaka 1776 mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, alikusanya mapovu yaliyopanda kutoka katika matope ya Ziwa Maggiore, akaonyesha kwamba hewa ile ilishika moto. Gesi hiyohiyo hutokea katika vinamasi, katika majaruba ya mpunga, na katika tumbo la kwanza la ng'ombe. Mahali pote hapo pana sifa moja: mabaki ya mimea huoza pasipo oksijeni. Mtambo wa biogesi ni kinamasi kilichojengewa kuta, kikafunikwa ili gesi yake isipotee.

Kazi ya zamu nne

Samadi haigeuki kuwa gesi yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo katika makala haya vitaitwa vijiumbe. Navyo havifanyi kazi hiyo kwa mkupuo mmoja, bali kwa zamu nne zinazofuatana.

Zamu ya kwanza huvunja vitu vikubwa vilivyomo katika samadi, yaani selulosi, protini na mafuta, na kuviyeyusha kuwa sukari na vitu vingine vidogo. Zamu ya pili hugeuza vitu hivyo vidogo kuwa asidi mbalimbali. Zamu ya tatu hugeuza asidi hizo kuwa asidi ya siki, haidrojeni na kabonidayoksaidi. Zamu ya nne hupokea mazao hayo na kutengeneza methani. Vijiumbe vya zamu hii ya mwisho ni vya namna ya pekee. Mwaka 1977 wanasayansi wa Marekani, Carl Woese na George Fox, walionyesha kwamba havimo kabisa katika ukoo wa bakteria wa kawaida, bali ni wa ukoo mwingine wa kale ambao leo huitwa arkea.

Mambo mawili kuhusu vijiumbe vya methani yanafaa kukumbukwa. La kwanza, huzaliana polepole. Vijiumbe vya zamu ya pili huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa saa chache tu, lakini vile vya methani aghalabu huhitaji siku kadhaa. La pili, havivumilii uchachu. Hufanya kazi vizuri tope likiwa na pH ya kama 6.8 hadi 7.5. Ikiwa zamu za mwanzo zitatengeneza asidi haraka kuliko zamu ya nne inavyoweza kuila, asidi hulundikana, pH hushuka, na vijiumbe vya methani hulegea zaidi. Hapo mtambo huendelea kutoa gesi, lakini gesi hiyo huwa na kabonidayoksaidi nyingi mno hata haishiki moto.

Vijiumbe hivi vyote humo tayari katika kinyesi cha ng'ombe. Ndani ya tumbo la mnyama viliishi katika joto la nyuzi za Sentigredi zinazokaribia 39, usiku na mchana, kiangazi na masika. Kinyesi kinapoingizwa katika shimo lenye nyuzi 18, vijiumbe hivyo huhamishwa kutoka makao ya joto hadi makao ya baridi. Je, haviwezi kujipasha joto vyenyewe?

Kwa nini mtambo haujipashi joto

Swali hilo ni la haki, kwa sababu kila mkulima ameona rundo la samadi au la mboji likifuka mvuke asubuhi. Katikati ya rundo hilo joto laweza kufika nyuzi 60 au zaidi. Basi kwa nini samadi hiyohiyo, ikiwa ndani ya mtambo, hubaki baridi kama udongo unaouzunguka?

Hesabu ndogo ya kemia hutoa jibu. Chukua sukari ya glukosi kuwa mfano wa chakula cha vijiumbe. Moli moja ya glukosi ikiungua kabisa katika oksijeni hutoa nishati ya kilojuli zipatazo 2,805. Katika rundo la mboji, ambamo hewa hupita, vijiumbe huiunguza glukosi kwa namna hiyohiyo hadi ikawa maji na kabonidayoksaidi. Sehemu kubwa ya nishati hutoka ikiwa joto, na rundo hupata moto.

Ndani ya mtambo hamna oksijeni. Humo badiliko zima huweza kuandikwa hivi:

C6H12O6 → 3CH4 + 3CO2

Moli moja ya methani ikiungua hutoa kilojuli 890. Moli tatu hutoa kilojuli 2,670. Toa idadi hiyo katika 2,805. Hubaki kilojuli 135 tu, ambazo ni kama asilimia 5 ya nishati yote. Kati ya hizo, vijiumbe huchukua sehemu yao kwa ajili ya kukua na kuzaliana.

Maana ya hesabu hii ni kubwa. Asilimia 95 ya nishati iliyokuwa katika chakula cha vijiumbe haikupotea. Imefungwa ndani ya methani, ikingoja kiberiti cha mpishi. Uzuri wa mtambo ni kwamba moto haumaliziki shimoni, bali huhifadhiwa kwa ajili ya jiko. Lakini kwa sababu hiyohiyo shimo halipati moto wa kujipasha. Mtambo wa biogesi hulazimika kuishi katika joto la mahali ulipojengwa.

Joto linavyoongoza kasi

Kazi ya kila kiumbe hai hutegemea vimeng'enya, na kasi ya vimeng'enya hufuata joto. Kanuni ya kukadiria inayojulikana na walimu wa kemia na biolojia husema kwamba, katika mipaka fulani, joto likipanda nyuzi 10, kasi huongezeka kama maradufu. Mipaka hiyo ni muhimu: joto likizidi sana, vimeng'enya huharibika umbo, na kiumbe hufa.

Wataalamu wa biogesi hutambua kanda tatu za joto. Kanda ya kwanza ni ya baridi, chini ya nyuzi 20. Hapo methani hutengenezwa, lakini kwa uvivu. Chini ya nyuzi 15 mtambo wa kawaida wa nyumbani hutoa gesi kidogo, na chini ya nyuzi 10 huwa kama umelala. Hata hivyo haifai kusema kwamba baridi huiua kabisa kazi hii, kwani matope ya maziwa ya nchi za baridi kali nayo hutoa methani.

Kanda ya pili ni ya joto la kadiri, kama nyuzi 20 hadi 40, na kilele chake ni kati ya nyuzi 35 na 37. Kilele hicho kinakaribia joto la mwili wa ng'ombe, na hilo si ajabu. Kanda ya tatu ni ya joto kali, kama nyuzi 50 hadi 60, yenye kilele karibu na nyuzi 55. Humo hufanya kazi jamii nyingine ya vijiumbe vinavyopenda joto hilo. Kasi ya kanda ya tatu hushinda ya zote, lakini vijiumbe vyake ni wepesi wa kudhurika: badiliko la nyuzi chache tu hutosha kuvivuruga. Zaidi ya hayo, kadiri joto linavyopanda ndivyo amonia iliyomo katika tope inavyozidi kuwa sumu kwa vijiumbe vya methani. Kwa hiyo mitambo ya kanda hii huhitaji vipimo na uangalizi wa kila siku.

Kwa mtambo wa kijijini kanda ya pili ndiyo inayohusika, na mara nyingi ni nusu yake ya chini. Huko Tanga au Dar es Salaam, ambako wastani wa joto la mwaka ni kama nyuzi 26, tope huwa katika hali nzuri bila jitihada yoyote. Lakini joto hupungua kwa kadiri ya nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi. Hesabu hiyo hutoa upungufu wa nyuzi zipatazo 8. Njombe inakaribia mita 2,000, na upungufu wake ni kama nyuzi 12. Mwanafunzi na atoe mwenyewe: kutoka nyuzi 26, Arusha hubaki na kama 18, na Njombe na kama 14. Haya ni makisio, na joto halisi la udongo laweza kuyazidi kwa nyuzi chache mahali penye jua la kutosha. Lakini mwelekeo wake hauna shaka.

Hapa pana mgongano wa hali unaostahili kufikiriwa. Katika nyanda za joto za ndani, kama vile Shinyanga, ng'ombe ni wengi, lakini huchungwa mbali na kinyesi chao hutawanyika malishoni. Ng'ombe wanaolishwa bandani, ambao kinyesi chao hukusanyika mahali pamoja, wengi wako milimani, ambako ndiko kwenye baridi. Hivyo pale ambapo samadi hupatikana kwa urahisi ndipo vijiumbe huwa wazito wa kazi.

Muda ndio malipo ya baridi

Baridi hupunguza kasi. Haiondoi nishati iliyomo katika samadi. Tope lililokaa katika nyuzi 20 kwa muda mrefu wa kutosha laweza kutoa sehemu kubwa ya gesi ambayo lingetoa katika nyuzi 35. Kinachotakiwa ni subira, na katika mtambo subira hupimwa kwa ukubwa wa tangi.

Mtambo wa nyumbani hulishwa kila siku. Tope jipya linapoingia upande mmoja, tope la zamani la kiasi kilekile husukumwa nje upande wa pili. Ukigawa ujazo wa tope lililomo tangini kwa ujazo wa tope linaloingia kila siku, unapata idadi ya siku ambazo tope hukaa ndani. Muda huo wa kukaa ndio ufunguo wa jambo zima.

Wahandisi wa India, nchi yenye uzoefu wa miaka mingi katika mitambo ya samadi, huigawa nchi yao katika kanda tatu. Katika majimbo ya kusini yenye joto huhesabu siku 30 za kukaa. Katika nyanda za kati siku 40. Na katika maeneo ya baridi ya kaskazini na milimani siku 55. Chukua familia yenye ng'ombe wanaotoa kilo 40 za kinyesi kibichi kwa siku. Kinyesi hicho kikichanganywa na maji lita 40, tope la kila siku huwa kama lita 80. Kwa siku 30 tangi lahitaji nafasi ya lita 2,400. Kwa siku 40 lita 3,200. Kwa siku 55 lita 4,400. Ng'ombe ni walewale, lakini mtu wa mlimani hujenga tangi linalokaribia maradufu ya lile la mtu wa bondeni, na hulipia saruji na matofali zaidi. Hayo ndiyo malipo ya baridi.

Sasa fumbo lililotajwa mwanzoni laweza kufumbuliwa. Mwenye tangi la lita 3,200 anayelisha lita 80 kwa siku ana siku 40 za kukaa. Baridi inapoingia, vijiumbe vyake vingehitaji siku 55 au zaidi. Yeye, kwa kuona gesi imepungua, anaongeza tope hadi lita 120. Gawa 3,200 kwa 120: muda wa kukaa umeshuka hadi siku 27. Samadi husukumwa nje ingali na gesi yake. Lililo baya zaidi, vijiumbe vya methani, ambavyo huzaliana polepole na katika baridi huzaliana polepole zaidi, huchukuliwa na tope linalotoka kwa wingi kuliko vinavyoongezeka. Zamu za asidi, ambazo huzaliana upesi, hubaki bila wa kuzipokea. Tope huanza kuchachuka, na moto jikoni hugeuka kuwa wa kusitasita, kisha huzimika.

Katika baridi, basi, yafaa kulisha kidogo kuliko kawaida, au angalau kutozidisha. Shauri hili huenda kinyume na hisia ya mtu, lakini hesabu yake ni wazi.

Lipo na jambo la pili. Tope lililotoka mapema halijamaliza kazi. Huendelea kutoa methani likiwa shimoni au shambani, nje ya kuba. Methani hiyo si hasara ya jikoni tu. Katika kipindi cha miaka 100, kila kilo ya methani huongeza joto la dunia kwa kiasi cha kama mara 27 hadi 30 ya kilo ya kabonidayoksaidi. Mtambo ulio mdogo mno kwa baridi ya mahali pake huwapunja wenyewe, na huchafua anga pia.

Je, tope lipashwe joto?

Huenda mwanafunzi akauliza: ikiwa shida ni baridi, kwa nini sehemu ya gesi isitumiwe kupasha tope moto? Hesabu ifuatayo itamsaidia. Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa uzi mmoja huhitaji kilojuli 4.2, na tope ni maji kwa sehemu kubwa. Kupandisha lita 80 za tope kutoka nyuzi 18 hadi 35 huhitaji:

80 × 4.2 × 17 = kilojuli 5,712, yaani kama megajuli 5.7.

Kilo 40 za kinyesi, mambo yakienda vizuri, hutoa gesi ipatayo mita za ujazo 1.5 kwa siku. Mita moja ya ujazo yenye methani asilimia 60 ina megajuli kama 21.5, jumla ni megajuli kama 32. Jiko la kawaida hufikisha chomboni kama nusu tu ya joto lake. Kwa hiyo ili tope lipate megajuli 5.7 lazima ziunguzwe megajuli zipatazo 11.4, ambazo ni zaidi ya theluthi moja ya gesi yote ya siku. Hapo bado haijahesabiwa hasara ya joto linalopenya kuta za tangi kuingia ardhini usiku na mchana. Mpishi akikabidhiwa kilichobaki ataona kwamba mtambo umekuwa ukijipikia wenyewe.

Katika mitambo mikubwa ya Ujerumani na Denmark mambo ni tofauti. Huko gesi huendesha injini za kuzalisha umeme, na joto la injini, ambalo lingepotea, hutumiwa kupashia matangi yaliyovikwa vizuizi vizito vya joto. Njia hiyo ni ya mitambo mikubwa. Haifai kuigwa na mwenye ng'ombe watatu.

Kutunza joto lililopo

Linalofaa kijijini si kuzalisha joto, bali ni kutolipoteza lililopo. Udongo wenyewe ni blanketi. Katika kina cha mita moja, tofauti ya joto la usiku na la mchana haihisiki tena. Hiyo ni sababu mojawapo ya kupendwa kwa mitambo ya kuba inayojengwa chini ya ardhi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilipoanza kujenga mitambo ya samadi nchini Tanzania mwaka 1975, lilifuata mtindo wa India wenye pipa la chuma linaloelea juu ya tope. Pipa hilo hukaa wazi, na chuma hupitisha joto upesi, hivyo usiku wa baridi huchukua joto lake. Baadaye kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilieneza mitambo ya kuba la matofali lililofukiwa. Kuba hilo halishiki kutu, na tope lake hukingwa na udongo.

Wingi wa tope nao ni kinga. Lita 80 zilizo baridi kwa nyuzi 10, zikiingia katika tangi la lita 4,400, hushusha joto la tangi zima kwa kama nyuzi 0.2 tu. Kwa hiyo mtambo hautetemeki kwa usiku mmoja wa baridi. Lakini tone hujaza ndoo: maji ya baridi yakitiwa kila alfajiri kwa mwezi mzima, zaidi ya nusu ya tangi huwa imebadilishwa kwa tope la baridi. Kutokana na hayo, mashauri machache ni dhahiri.

Mtambo uchimbwe mahali penye jua, si chini ya kivuli cha miti. Kuba lifunikwe udongo wa kutosha, na wakati wa baridi yaongezwe majani makavu juu yake. Kinyesi kichanganywe kingali na joto la mnyama, kisiachwe kulala nje hadi asubuhi. Maji ya kuchanganyia yaanikwe juani tangu asubuhi, na mtambo ulishwe alasiri. Ikiwezekana, tangi lichimbwe chini ya banda, ili joto la wanyama na paa la banda viwe kinga yake. Wakulima wa kaskazini mwa China, ambako majira ya baridi hugandisha ardhi, wamekwenda mbali zaidi: mtambo, banda la nguruwe na choo huwekwa pamoja ndani ya kibanda cha kuoteshea mboga chenye paa la karatasi ya nailoni, na jua linalokuza mboga hupasha mtambo pia.

Jaribio kwa ajili ya shule

Mambo yaliyoelezwa hapa huweza kujaribiwa katika maabara ya shule kwa gharama ndogo. Zinatakiwa chupa nne za plastiki za nusu lita, vizibo vyenye mirija ya mpira, vipimajoto, na chupa nyingine nne zenye alama za ujazo.

Changanya katika ndoo moja kinyesi kibichi na maji kwa viwango sawa. Ikiwa karibu pana mtambo unaofanya kazi, ongeza tope lake kidogo, kwani litaleta vijiumbe vya methani vilivyokwisha kuzoea kazi. Tia mililita 250 za mchanganyiko huo katika chupa tatu. Chupa ya nne itiwe maji matupu ya kiasi kilekile. Kila mrija uelekezwe ndani ya chupa ya vipimo iliyojazwa maji na kupinduliwa katika beseni, ili gesi inayotoka isukume maji chini. Maji ya beseni yakitiwa chumvi nyingi, kabonidayoksaidi itayeyuka kwa uchache.

Chupa ya kwanza iwekwe mahali pa baridi zaidi shuleni, ndani ya mtungi wa maji kivulini. Ya pili ikae katika joto la chumba. Ya tatu na ile ya maji matupu zikae pamoja katika sanduku lililojazwa pumba za mpunga, zikizungukwa na maji ya nyuzi 35 hadi 37 yanayobadilishwa mara tatu kwa siku. Wanafunzi waandike joto asubuhi, adhuhuri na jioni, na ujazo wa gesi mara moja kwa siku, kwa wiki sita. Kisha wachore grafu ya jumla ya gesi dhidi ya siku.

Chupa ya maji matupu ina kazi yake. Hewa ikipashwa moto hupanuka: kutoka nyuzi 18 hadi 36 hupanuka kwa 18/291, yaani kama asilimia 6. Bila chupa hiyo, mwanafunzi angeweza kudhani kwamba upanukaji wa hewa ni gesi mpya. Mwalimu awakumbushe pia kwamba gesi ya siku za kwanza ni kabonidayoksaidi kwa sehemu kubwa, wasikate tamaa.

Tahadhari ni hizi. Chupa zisifungwe kabisa bila njia ya gesi, kwani zitapasuka. Moto usisogezwe karibu na chupa, maana methani iliyochanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka. Jaribio lifanywe mahali penye hewa ya kutosha, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Grafu zikikamilika, darasa litazame mambo mawili kando kando: mwinuko wa mstari wa kila chupa, na mahali unapoelekea. Chupa ya joto itapanda upesi kisha ianze kulala. Chupa ya baridi huenda ikawa ingali inapanda taratibu siku ya mwisho ya jaribio. Mwanafunzi na aulizwe: kama angejenga mtambo kijijini kwao, angeruhusu tope likae ndani siku ngapi? Hawezi kulijibu swali hilo bila kujua joto la udongo wa kijiji chake. Na kulijua joto hilo hakuhitaji zaidi ya jembe, kipimajoto, na shimo la kina cha mita moja, lipimwe mara moja kila mwezi kwa mwaka mmoja. Shule iliyo milimani ikiyaandika na kuyatunza majibu ya kazi hiyo, fundi wa eneo lake atakuwa na kipimo cha kujengea matangi, badala ya kunakili vipimo vya mahali penye joto.